Kula kila kitu peke yake hakumfikishi ndege mbali

Samaki wanapoparuliwa pale Feri, Dar es Salaam, kunguru wenye shingo ya kijivu husogea hadi karibu na miguu ya muuzaji. Utumbo ukidondoka tu, umekwenda. Ndege huyu aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Leo yuko Mombasa, yuko Dar, yuko hadi Durban. Anakula utumbo wa samaki, ugali uliomwagwa, mayai, vifaranga, hata mahindi ya shambani.

Kwa wanaoamini kwamba ndege mwenye vyakula vingi ndiye anayeenea mbali, kunguru huyu ni ushahidi tosha. Hoja yao ina uzito: chakula kimoja kikiadimika, anageukia kingine, na ugenini hapati shida ya kuanza maisha.

Sasa mtazame bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo. Okota tonge kavu alilolitapika chini ya paa la ghala, ulipasue kwa vidole: manyoya ya kijivu, taya dogo, meno ya mbele yenye rangi ya chungwa. Panya, na panya tena. Hata hivyo yeye na jamaa zake wa karibu wameenea mabara yote isipokuwa Antaktika. Kwangu mimi, huyu anaitikisa hoja ile kabisa. Chakula chake ni kimoja kwa sehemu kubwa, ila kinapatikana karibu kila mahali.

Tena kuna swali la kipi kilitangulia, vyakula vingi au kuenea. Bundi huyohuyo akiishi kisiwani penye panya wachache hula wadudu, popo na ndege wadogo. Basi orodha yake ya vyakula hurefuka kwa sababu ameenea, na pia kwa sababu ndege wa sehemu nyingi huchunguzwa na watu wengi. Bundi mdogo wa Pemba hayuko kokote duniani ila kisiwani kwake. Hata angekula wadudu wa kila aina, bado angekuwa na mkondo wenye kina kirefu kati yake na bara.

Nakiri kwamba wingi wa vyakula unasaidia, hasa ndege anapofika mahali pageni. Lakini kabla ya kuhesabu anakula vingapi, ningeuliza vinatoka wapi. Kunguru wa Feri anaonekana kula kila kitu, ila ukiuacha mji na vijiji ukaingia porini, humwoni tena. Karibu vyakula vyake vyote vinatoka kwa binadamu. Ndiyo maana kampeni za mitego na sumu dhidi yake hunipa wasiwasi: anayeuawa leo anaacha nafasi kwa mwingine, maadamu jalala liko wazi na utumbo wa samaki unaendelea kumwagwa chini kila asubuhi.