Kabla hujawapigia polisi, shuka ukawasikilize

Kila wanafunzi wakiandamana kwa jambo la siasa, iwe vita, uchaguzi au ada, wakuu wengi wa vyuo wanafanya yaleyale: unatoka waraka wa maneno mazito, mkuu mwenyewe haonekani, halafu usiku magari ya polisi yanaingia. Mi naona hapo ndo wanapoharibu, maana polisi wakishaingia madai ya mwanzo yanasahaulika na mkuu anageuka kuwa dai lenyewe.

Tuchukue Columbia kule New York. Mwaka 1968 wanafunzi waliteka majengo wakipinga utafiti wa kijeshi wa enzi za vita vya Vietnam na jimu iliyokuwa inajengwa kwenye bustani ya umma, Rais wa chuo Grayson Kirk akaita polisi, wakakamatwa watu kama 700 tarehe 30 Aprili. Matokeo? Mgomo ukazidi, Agosti Kirk akaachia ngazi, na jimu yenyewe haikujengwa pale. Sasa ungedhani chuo hichohicho kimejifunza, lakini Aprili 2024 mahema ya kupinga vita vya Gaza yalipigwa siku moja tu na kesho yake Rais Minouche Shafik akaita polisi, wakakamatwa zaidi ya 100, mahema yakarudi palepale na vyuo vingine vikaiga, tarehe 30 Aprili polisi wakarudi tena, na Agosti naye akajiuzulu. Tarehe ileile jamani, mwezi uleule wa kuondoka!

Siku hiyohiyo ya 30 Aprili 2024, chuo cha Brown kilimaliza kwa kuongea. Wanafunzi walikubali kutoa mahema, uongozi ukaahidi kwamba bodi itapigia kura dai lao la kuondoa uwekezaji kwenye kampuni wanazozilalamikia, na Oktoba bodi ikapiga kura kweli, ikakataa. Kuna watakaosema basi walidanganywa. Mi sioni hivyo, waliahidiwa kura wakapata kura, hakuna aliyewaahidi ushindi. (Na tusiwafanye malaika, Desemba 2023 Brown haohao walikamatisha wanafunzi 41 waliokuwa wamekaa tu ndani ya jengo la utawala.)

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkuu ni kutoka ofisini yeye mwenyewe, asitume msemaji wala mwanasheria, awaambie ukweli: hili liko mikononi mwangu, hili ni la bodi, hili ni la serikali siwezi kulibadilisha ila naweza kuwapelekea. Wanafunzi hawachukii kuambiwa hapana kama wanavyochukia kuzungushwa, mara subirini kamati, mara kamati haijakaa, mara likizo imefika.

Sisemi polisi wasiitwe kamwe. Watu wakianza kupigwa, au kuna wanafunzi wanatishiwa kwa dini yao au kabila lao, hapo mkuu akichelewa naye ana kosa. Lakini kelele, mabango na nyimbo za kumtukana yeye mkuu, hizo avumilie, ndo sehemu ya mshahara wake.

Halafu kuna suala la kanuni. Kama mahema hayaruhusiwi yasiruhusiwe kwa wote, wanaoiunga mkono serikali na wanaoipinga, na kanuni iwepo kabla ya maandamano, sio inatungwa usiku ili asubuhi itumike kufukuzia watu. Hilo wanafunzi wanalinusa haraka sana.

Na adhabu nazo, ndo zinaniuma zaidi. Unamsimamisha mtu masomo wiki ya mitihani, anatolewa bweni, eti kesi yake itasikilizwa muhula ujao, sasa hata akishinda kashapoteza mwaka kwa kushika bango. Kama kavunja dirisha alipe dirisha, afanye na mtihani wake.