Mgeni wa Kila Jumanne

Oktoba mosi ikikaribia, makazi ya wazee hupokea wageni mpaka hapatoshi. Ni Siku ya Wazee Duniani, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 1990, na huku kwetu tumeigeuza siku ya kubeba viroba. Sembe, sukari, sabuni za miche, dumu la mafuta. Wageni wamevaa fulana za rangi moja. Wazee wamepangwa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi. Bibi mmoja anashikishwa kiroba upande huu, bosi anakishika upande ule, "Bibi tabasamu kidogo," picha, picha nyingine, na kabla ya adhuhuri magari yameshageuza. Tutaonana Ramadhani, au Krismasi.

Na sembe sina ugomvi. Wazee wanakula, na aliyeileta ametenda jema. Kinachonikera ni kwamba tumezoea kuchangia vitu tu. Mtu akikwambia, "Nichangie nauli ya vijana wanaokwenda kupiga soga na wazee kila wiki," unahisi unapigwa. Soga nayo inachangiwa? Mimi nasema inachangiwa, tena kabla ya mambo mengi tunayoyachangia bila kuuliza.

Wazee wa makazi ya Nunge kule Kigamboni, ya Kolandoto Shinyanga, ya Sebleni Unguja, angalau wana wenzao wa kugombana nao. Walio wengi hawako huko. Wako majumbani, mara nyingi kwenye nyumba walizojenga wenyewe chumba kwa chumba, na sasa vyumba vimefungwa makufuli. Hapa mtaani kwetu Tandika yupo mzee mstaafu wa reli. Mkewe alishatangulia, watoto wako Mwanza na mmoja Muscat, na hawajamtupa hata kidogo: kila mwisho wa mwezi kitochi chake kinalia, muamala umeingia. Meseji yenyewe haioni vizuri, humpelekea kijana wa dukani amsomee. Siku moja niliwasifia watoto wake, akanijibu, "Wananitunza, mwanangu, sina lawama. Ila sina wa kubishana naye." Mzee huyu anaijua njia ya treni ya Kigoma kituo kwa kituo, anakumbuka ni kituo gani walipanda na kuku na kipi walipanda na asali, na kuhusu Yanga ana maoni makali ambayo sitayarudia hapa. Ubishi hautumwi kwa M-Pesa.

Kuna kijana alianza kumtembelea, wa kikundi cha kujitolea. Alikuwa anakuja Jumanne. Wakacheza drafti, mzee akashinda, mzee akaanza kunyoa ndevu Jumanne asubuhi. Kisha kijana akapotea. Simlaumu sana: daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na hana kazi. Kikundi nacho hakikuwa na mtu wa kupiga simu kusema leo fulani hatakuja, atakuja mwenzake. Ikawa nikipita mzee ananiuliza, "Hivi yule bwana mdogo nilimkosea nini?" Ukianza kumtembelea mtu mpweke ukaacha kimya kimya, unamwacha pabaya kuliko ulipomkuta.

Ndiyo maana nasema kujitolea si bure. Anayejitolea halipwi mshahara, sawa, lakini lazima awepo wa kupanga zamu, wa kumfundisha kijana kukaa na mtu anayerudia hadithi ileile, na wa kumsikiliza siku mzee wake akifariki. Huyo mratibu naye lazima ale. Kikundi kisichokuwa naye hufa ndani ya miezi michache, na kikifa huwa kimeshawazoesha wazee kusubiri.

Wakatoliki wanaijua Lejio ya Maria, chama cha waumini wa kawaida. Ilianzia Dublin mwaka 1921, na parokia nyingi za kwetu zinayo. Wanalejio huenda wawili wawili, kila wiki, kisha kwenye mkutano wao hueleza walikokwenda na walichofanya. Na wana kanuni moja inayowashangaza wengi: hawaruhusiwi kutoa msaada wa vitu. Hakuna sukari, hakuna bahasha. Sisemi tuwe wakali kiasi hicho, na mimi si mwanalejio, ila ujanja wake nauona. Ukienda mikono mitupu, huna cha kukabidhi ukaondoka. Inabidi ukae.

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna ukoo. Uingereza ilipomteua Tracey Crouch Januari 2018 kuwa waziri wa kushughulikia upweke, huku watu tulicheka. Lakini wenzetu wamejipanga: shirika la Age UK lina huduma ambayo mtu wa kujitolea humpigia mzee simu mara moja kwa wiki, nusu saa, baada ya kuchunguzwa na kufundishwa. Na si Wazungu peke yao. Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye dhiki. Pale wazee ndio wasikilizaji, jambo ambalo sisi wa viroba halijatupitia akilini. Halafu huo ukoo wenyewe uko wapi saa nane mchana siku ya kazi? Uko kwenye foleni ya Ubungo, uko ng'ambo, uko kwenye kundi la WhatsApp linalotuma "mzee wetu hajambo?" na kujibiwa na mtu aliyeko Dodoma.

Kanda ya Ziwa jambo hili lina sura nzito zaidi. Vikongwe wameuawa huko wakiitwa wachawi kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Mgeni wa kila wiki asingewaokoa wote. Kuna wapiga ramli, kuna ugomvi wa mashamba na mirathi. Lakini umbea wa uchawi hushika upesi kwa bibi ambaye hakuna anayejua anashindaje. Bibi anayetembelewa ana mashahidi.

Tusijidanganye pia. Kijana asiye ndugu akianza kuingia nyumba ya mzee mwenye kiwanja Dar es Salaam, majirani watasema anaitaka hati, na pengine watakuwa hawajakosea. Nchi yenye matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haiwezi kumfungulia kila mtu mlango kwa sababu kavaa kitambulisho shingoni. Kwa hiyo mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajulishwe kabla, watoto wa mzee wawe na namba ya mratibu, wageni waende wawili, na kadi ya benki isiguswe wala namba ya siri isijulikane, hata mzee mwenyewe akiomba asaidiwe. Kikundi kisichotaka masharti haya msikipe hata mia.

Kinachoyataka kipeni, na kipeni fedha, si vitu. Kampuni yako au msikiti wako ukiitisha kikao cha mchango wa wazee, nyanyua mkono useme sehemu ya bajeti iende kwenye posho ya mratibu mmoja, vocha na nauli za mwaka mzima. Watakuuliza mkaguzi wa hesabu atapewa risiti gani ya soga. Atapewa daftari: jina la mzee, siku, nani alikwenda, na nani anakwenda wiki ijayo.