Usiniambie Kyubiti Ngapi, Niambie Nyaya Ngapi

Desemba 2023 IBM ilitangaza chipu ya kompyuta ya kwantamu iitwayo Condor, yenye kyubiti 1,121. Kyubiti ni kwa kompyuta hizi kile ambacho biti ni kwa kompyuta ya kawaida: kipande kidogo kabisa cha taarifa. Miezi sita kabla yake Intel ilikuwa imetoa chipu yake ya silikoni, Tunnel Falls, yenye kyubiti 12. Kumi na mbili tu! Ukizipanga namba hizo mbili ubavu kwa ubavu, lazima ujiulize kwa nini bado kuna watu wazima wanaohangaika na silikoni.

Mimi nimo katika kundi la wanaoamini kwamba kompyuta ya kwantamu itakayofanya kazi ya maana huenda ikatoka kwa hawa wanaoburuza mkia. Ila sababu ninayoisikia kila mahali, kwamba viwanda vya chipu tayari vipo na kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha, naiona nyepesi mno. Kiwanda kinajua kutengeneza. Hakijui kuunganisha, na ugomvi wote wa kompyuta hizi uko kwenye kuunganisha.

Katika tangazo lile la Condor, IBM wenyewe walieleza kwamba ndani ya jokofu moja la kuipozea chipu walipitisha nyaya za zaidi ya maili moja. Watu wakashangilia 1,121, habari ya nyaya ikapita kimyakimya. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1998 Bruce Kane, akiwa Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, alichapisha katika jarida la Nature pendekezo fupi: chukua silikoni, pandikiza ndani yake atomi mojamoja za fosforasi, kisha tumia spini ya kiini cha kila atomi kuwa kyubiti. Spini ni ile tabia inayokifanya kiini, au elektroni, kuwa sumaku ndogo mno. Inaweza kuelekea juu, au chini, au kuwa katika mchanganyiko wa hali hizo mbili, na mchanganyiko huo ndio mtaji wa hesabu za kwantamu. Mwaka huohuo Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza njia ya jirani: kunasa elektroni mojamoja katika nukta ndogo ndani ya semikonda (mata kama silikoni) kwa kutumia volteji. Tunnel Falls na chipu nyingi za kwantamu za silikoni za leo zinafuata njia hiyo ya pili.

Kwa nini silikoni? Watu hukimbilia kutaja viwanda, lakini kuna sababu nyingine ninayoipenda zaidi. Silikoni ya kawaida ina isotopu tatu, yaani atomi za silikoni zinazotofautiana uzito. Takriban asilimia 92 ni silikoni-28, ambayo kiini chake hakina spini kabisa, kwa hiyo hakiisumbui kyubiti iliyo karibu. Wasumbufu ni silikoni-29, kama asilimia 5, kwa sababu viini vyake ni sumaku na kila kimoja kinavutavuta upande wake. Ukiwaondoa, kyubiti inabaki mahali penye utulivu wa ajabu. Mwaka 2014 kundi la Sydney lilionyesha kuwa spini ya kiini cha atomi moja ya fosforasi, ndani ya silikoni iliyosafishwa hivyo, inaweza kutunza taarifa ya kwantamu kwa zaidi ya sekunde 30. Kwenye saketi za aina ya IBM na Google mtu huhesabu kwa sehemu ndogondogo za sekunde.

Na hapa niruhusuni nichepuke, maana kisa hiki kinanifurahisha. Silikoni-28 safi ninayotaka kuisimulia haikutengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Ilitengenezwa kwa ajili ya kilo. Wanasayansi wa vipimo walitaka tufe la silikoni lisilo na doa, wahesabu atomi zake na hivyo kusaidia kuiacha ile kilo ya zamani ya metali, kipimo rasmi kilichofungiwa Ufaransa. Isotopu zilichujwa Urusi, tufe likang'arishwa Australia, na tarehe 20 Mei 2019 maana mpya ya kilo ikaanza kutumika. Masalia ya silikoni ya mradi huo yaliingia maabara za kwantamu. Mwaka 2013 kundi lililoongozwa kutoka Kanada liliripoti kwamba spini za fosforasi ndani ya silikoni hiyo zilitunza taarifa kwa dakika 39 zikiwa kwenye joto la kawaida la chumba. Hizo zilikuwa atomi nyingi kwa pamoja, si kyubiti mojamoja za kufanyia hesabu, lakini dakika 39 ni dakika 39.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Mtaalamu wa Google, Craig Gidney, alikadiria Mei 2025 kwamba kuvunja ufunguo wa RSA (mbinu ya kuficha taarifa mtandaoni) wa biti 2048 kutahitaji kyubiti pungufu ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Mwaka 2019 makadirio yake na mwenzake yalikuwa milioni 20. Tuchukue milioni moja. Saketi za metali zinazopoteza ukinzani zikipozwa, ambazo ndizo IBM na Google wanazitumia, ni kubwa. Tukiipa kila moja nafasi ya milimita moja, kyubiti milioni zitajaza mraba wa mita moja kwa mita moja, mpana kuliko chipu yoyote iliyowahi kuchongwa. Nukta za silikoni ukizipanga kwa umbali wa nanomita 100, milioni hiyohiyo inakaa katika mraba wenye upande wa sehemu ya kumi ya milimita. Hutauona vizuri kwa jicho.

Watetezi wa silikoni hesabu yao huishia hapo, wakapiga makofi. Kwangu ndipo inapoanza kunitisha, kwa sababu kila nukta inadai waya wake wa volteji, na kizuizi kati yake na jirani kinadai wake, na bado hujagusa vifaa vya kusomea jibu. Utapitisha nyaya milioni mbili wapi katika eneo lisiloonekana kwa jicho? Na kila waya unaotoka nje unaingiza joto ndani ya jokofu linalofanya kazi karibu kabisa na sifuri kamili, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya selsiasi.

Uhandisi umewahi kukwama mahali kama hapa. Miaka ya 1950 wahandisi waliweza kuchora saketi za maelfu ya vipande lakini hawakuweza kuviunga vyote kwa mkono bila kiungo kimoja kuharibika; Jack Morton wa Bell Labs aliuita ugonjwa huo udhalimu wa namba. Aliyepata dawa ni Jack Kilby mwaka 1958, kisha Robert Noyce mwaka uliofuata: vipande na viungo vyote vichongwe pamoja ndani ya jiwe moja. Leo chipu ya M1 ya Apple ina transista, yaani swichi ndogo za umeme, bilioni 16, na miguu inayotoka nje ni michache mno ukiilinganisha na wingi huo.

Kwa nini mbinu hiyo isihamishiwe moja kwa moja kwenye kyubiti? Fundi simu yeyote anajua kibao cha simu ya batani kinavyofanya kazi. Vitufe 12, lakini nyaya ni 7 tu: safu nne za mlalo, tatu za wima, na kila kitufe kinatambuliwa pale waya wa mlalo unapokutana na wa wima. Wahandisi wa kwantamu, wa chuo cha Delft huko Uholanzi wakiwa mbele, wamependekeza kupanga nukta za silikoni kwa namna hiyohiyo. Kwa mpango huo nyaya milioni zinageuka elfu chache.

Ila kibao cha simu kinafanya kazi kwa sababu vitufe vyote vinafanana. Nukta za silikoni hazifanani. Moja inashika elektroni kwa volteji hii, jirani yake kwa ile. Oksidi iliyo juu yake ina kasoro ndogo zinazonasa chaji na kuiachia bila taarifa. Na elektroni ndani ya silikoni ina hali mbili zinazokaribiana sana kwa nishati, ambazo pengo lake hubadilika kwa jinsi atomi chache zilivyojipanga mpakani. Ukipeleka volteji moja kwenye nukta elfu, baadhi zitakuwa sawa, nyingine tupu, nyingine zitakuwa zimemeza elektroni mbili. Kwa hiyo leo kila nukta inabembelezwa peke yake mpaka ikubali. Watafiti wameandika programu za kufanya kazi hiyo, lakini kubembeleza kwa programu bado kunataka waya.

Hapo ndipo kiwanda kinapopata maana, na si kwa sababu ya wingi. Kazi ambayo kiwanda cha chipu kimeifanya kwa zaidi ya nusu karne ni kupunguza tofauti kati ya kipande na kipande. Septemba 2025 kampuni ya Diraq ya Sydney na kituo cha imec cha Ubelgiji walichapisha matokeo ya kyubiti zilizotengenezwa kwa mitambo ya kawaida ya sahani za silikoni za milimita 300, na shughuli zao za kyubiti moja na za kyubiti mbili zilivuka usahihi wa asilimia 99. Maabara za utafiti zilikuwa zimekwisha kufika huko Januari 2022: Delft, RIKEN ya Japani na Sydney, zote katika toleo moja la Nature. Lakini zile zilikuwa chipu za mikono ya maabara. Kupata kiwango hicho kutoka mstari wa kiwanda ni jambo jingine kabisa.

Kuna na suala la baridi. Mwaka 2020 Delft na Sydney walionyesha, kila mmoja kivyake, kyubiti za silikoni zikifanya kazi juu kidogo ya kelvini moja, yaani nyuzi moja juu ya sifuri kamili. Msomaji asione hiyo ni baridi ileile. Kwenye sehemu kadhaa za elfu za kelvini moja, jokofu linaweza kuondoa joto la mikrowati tu, na linahitaji heliamu-3, gesi adimu inayopatikana hasa kutokana na kuoza kwa tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi. Kwenye kelvini moja heliamu ya kawaida inatosha, ile ambayo Tanzania inayo chini ya bonde la Rukwa, na uwezo wa kupoza ni mkubwa mara maelfu. Maana yake unaweza kuweka saketi za kuongoza kyubiti palepale ndani, nyaya nyingi zisitoke nje kabisa. Mwaka 2025 kundi la Sydney lilionyesha chipu ya kawaida ya transista ikiziongoza kyubiti kutoka jirani yake ndani ya jokofu, bila kuzivuruga sana. Haikushangiliwa mitandaoni kama Condor.

Kwa hiyo tangazo la kyubiti 12, au 50, au 5,000 halinipi usingizi wala kuninyima. Nitashawishika siku nitakapoona chipu ya silikoni yenye nukta mia kadhaa zinazogawana nyaya kwa safu, na makosa yakabaki chini ya asilimia moja. Ikipita miaka mitano na bado kila nukta ina waya wake na mtu wa kuibembeleza, dau langu nalihamishia kwa wale wanaoshika atomi kwa miale ya leza, ambao hawahitaji waya kwa kila atomi. Huko Caltech, chuo cha Marekani, wamekwisha kupanga atomi 6,100 namna hiyo. Shida yao ni mwendo: hesabu zao zinatambaa.