Acheni kuongeza volti, ongezeni nyaya

Tramu ya modeli ikikwama kwenye kona ya reli zake za mezani, ushauri ni uleule: ongeza moto. Adapta ya volti 12 inang'olewa, inaletwa ya 16. Ushauri huu unaniudhi kwa sababu unaua mota nzima huku ugonjwa ukibaki palepale.

Mota haina njaa ya volti. Umeme ndio haufiki kwenye magurudumu. Tramu ndogo ya HO, yaani iliyopunguzwa mara 87, ina magurudumu manne, na ekseli moja ikivishwa raba za kuzuia utelezi, panabaki gurudumu moja kila upande la kuchota umeme. Chembe moja ya vumbi chini yake, stima imekatika. Injini ya treni ina magurudumu manane ya kusaidiana. Ukipandisha volti, tramu itachomoka pale reli ilipo nzuri na kukwama vilevile pale ilipo mbovu.

Pima kwanza, na usipime reli ikiwa haina mzigo, maana mita itakusomea 12 meza nzima na kukudanganya. Nunua balbu ya gari ya volti 12, wati 5, pale Kirinyaga Road, Nairobi. Ifunge nyaya mbili, zigusishe kwenye reli mbili. Inavuta kama ampea 0.4, hivyo reli inafanya kazi kweli. Soma mita palepale. Ukipata 11.8 karibu na adapta na 9 mwisho wa meza, karibu volti 3 zimepotelea kwenye viunganishi vya reli, vile vibati vinavyolegea na kuingiwa na plasta ya barabara inayomwagwa kuzunguka reli.

Tiba ni nyaya. Pitisha mbili kuu chini ya meza, zile za taa za nyumba za milimita mraba 1.5, nyekundu na nyeusi. Kila mita moja, panda na waya mwembamba hadi kwenye kila reli, usizidi shubiri. Kwaruza ubavu wa nje wa reli mpaka ung'ae, weka pamba yenye maji pande zote mbili, kisha lehemu kwa pasi yenye moto wa kutosha, sekunde mbili tatu tu. Ukizubaa, mataruma ya plastiki yanayeyuka. Dawa ya kulehemu isiwe na asidi, itakula waya polepole. Na haya yote, tafadhali, kabla ya kumwaga plasta ya barabara! Reli ya treni iko wazi, utairekebisha hata mwakani. Ya tramu imezikwa, na kosa lake hutibiwa kwa patasi.

Je, kuleta umeme kwa waya wa juu ya tramu badala ya reli moja? Nakubali, shingo upande. Reli zote mbili zinakuwa upande mmoja wa umeme, kwa hiyo kitanzi cha kugeuzia mwisho wa njia hakipigi shoti. Lakini umeme bado unarudi kwa reli, na reli bado zinataka nyaya zilezile.

Transfoma ya Marekani ya volti 120 usiichomeke kwenye 240 yetu. Weka fyuzi ya ampea 1. Vumbi lifute kwa spiriti isiyo na mafuta, soma lebo. Msasa unachora mikwaruzo inayokusanya uchafu.

Ukimaliza kulehemu, rudi na balbu kila nusu mita. Ikipungua zaidi ya nusu volti mahali fulani, vuta waya wa hapo taratibu: kiungo kibovu kitachomoka mkononi.