Kanuni ya Damu Iangalie na Kichwa

Softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, ina kanuni moja ya damu ambayo natamani mashindano yetu ya shule hapa Mombasa yaitumie pia kwa mchezaji aliyegongwa kichwani.

Kanuni yenyewe iko hivi. Mchezaji akitoka damu na damu isikatike upesi, anatoka uwanjani na mwenzake anashika nafasi yake kwa muda: awamu (kipindi ambacho kila timu hupiga mara moja) inayochezwa mpaka iishe, na awamu nzima inayofuata. Mabadiliko hayo hayahesabiwi. Akishafungwa bendeji na jezi ikawa safi, anarudi palepale alipokuwa. Muda ukipita hajaweza, ndipo kocha anafanya mabadiliko rasmi.

Naipenda sana kanuni hii, maana haimwadhibu mtu kwa kuumia. Lakini mpira ukimpata msichana kwenye paji la uso usimchane, hapo hakuna damu, na refa hana sababu ya kuitumia.

Tuseme ukweli kuhusu viwanja vyetu. Vingi ni vumbi na changarawe. Mchezaji anayelinda besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla mkimbiaji hajarudi anaposimama mpigaji, akiona mpigaji anataka kuugusa mpira kidogo tu, hukimbilia mbele. Kutoka besi yake hadi anaposimama mpigaji ni mita 18 na kitu, naye ameshazipunguza. Mpigaji akibadili nia akaupiga kwa nguvu, na mpira ukigonga kokoto, hakuna glavu itakayouwahi. Nimeona msichana akipatwa hivyo, akaanguka, akainuka haraka huku akisema, "Mwalimu, niko sawa." Kisha akaokota glavu yake na kuanza kuivaa kwenye mkono usio sahihi. Watu walimpigia makofi kwa ushujaa. Mimi niliitazama ile glavu nikaingiwa na hofu.

Kwa nini mtoto aseme yuko sawa? Kwa sababu anazijua hesabu. Mchezaji aliyeanza mechi anaruhusiwa kutoka na kurudi mara moja, mradi arudi kwenye zamu yake ileile ya kupiga. Ni ruhusa nzuri, ila makocha wengi huitumia mapema kwa mbinu: anatolewa msichana mzito, anaingizwa mwenye mbio, kisha yule wa kwanza anarudishwa. Akiumia baada ya hapo, akitoka ametoka. Na timu nyingi za shule huja na akiba ya mtu mmoja au wawili. Kwa kanuni za kimataifa, timu ikipungua chini ya wachezaji tisa imepoteza mechi. Kanuni za USA Softball kule Marekani huruhusu timu kuendelea ikiwa pungufu ya mmoja, lakini kila zamu ya aliyeondoka ikifika, inahesabiwa auti, yaani kana kwamba mpigaji ametolewa. Kwa vyovyote, mzigo wa timu nzima unamwangukia aliyeumia. Msichana wa miaka kumi na sita hawezi kuubeba, na wala hatupaswi kumtwika.

Michezo mingine imeshalifikiria jambo hili. Kriketi ya kimataifa iliruhusu mbadala wa aliyetikiswa ubongo mwaka 2019, na mwaka huohuo, kwenye uwanja wa Lord's jijini London, Mwaustralia Marnus Labuschagne akapiga badala ya mwenzake Steve Smith aliyekuwa amepigwa na mpira shingoni. Soka nayo iliingiza mabadiliko ya aina hiyo katika sheria zake mwaka 2024. Raga ndiyo iliyonishawishi zaidi, kwa msimamo wake kwamba mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe, na asirudi siku hiyo.

Najua jibu la makocha wenzangu: watu watajifanya wameumia ili wapate mabadiliko ya bure. Sioni faida yao iko wapi. Anayeingia kwa muda lazima atoke, na mchezaji akionekana na dalili yoyote (kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau matokeo, kuvaa glavu vibaya) siku yake imeisha. Nani atamchezea refa mchezo huo kwa gharama ya kumpoteza mchezaji wake bora? Tena dalili nyingine huchelewa. Ndiyo maana nataka awamu hizo za kumtazama, akiwa ameketi kivulini na mtu anazungumza naye, badala ya yale maswali mawili ya harakaharaka katikati ya uwanja huku mashabiki wanapiga kelele.

Hatuhitaji kusubiri shirikisho la dunia. Waandaaji wa mashindano ya kaunti wanaweza kulitangaza kwenye kikao cha makocha kabla ya mechi ya kwanza: aliyegongwa kichwani anatoka, mbadala wa muda anaingia, na anayeamua kama atarudi ni mhudumu wa huduma ya kwanza. Asiwe kocha, nikiwemo mimi, na asiwe mchezaji mwenyewe. Kama hakuna mhudumu uwanjani, asirudi.