Usimpeleke Mwenye Jinamizi Kwenye Kesha

Mitaani kwetu Nairobi, kijana akisimulia kwamba usiku alizinduka akashindwa kusogeza hata kidole, kivuli kimesimama mlangoni na kitu kizito kimemkalia kifuani, hakosi wa kumwambia aende kesha. Sina ugomvi na maombi. Ninachouliza ni kwa nini yasifanywe saa nane mchana, kwa sababu kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoita jinamizi.

Tunapoota, ubongo huilegeza karibu misuli yote ila ya macho na ya kupumulia, tusije tukainuka na kutenda ndoto zetu. Hatua hiyo ya usingizi, ambayo macho huchezacheza chini ya kope, ilielezwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago mwaka 1953. Sasa, mtu akizinduka kabla mwili haujafunguliwa, ndoto humalizikia chumbani akiitazama kwa macho makavu. Inatisha, lakini haiui, na hupita kwa sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi wasiolala vya kutosha, wanaolala chali, na wenye zamu za kubadilikabadilika. Soja wa Industrial Area anayelinda usiku wiki hii na mchana wiki ijayo, hajarogwa na mtu. Karogwa na ratiba.

Wanaonisikitisha hasa ni wale ambao jinamizi huwajia pamoja na usingizi wa mchana usiozuilika, na magoti yanayolegea wakicheka. Hapo huenda ni nakolepsi, ugonjwa uliopewa jina na daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Gélineau, mwaka 1880. Wengi wenye dalili ya kulegea huko wamepoteza seli za ubongo zinazotoa haipokretini, kemikali inayomweka mtu macho. Mara nyingi huanza katika umri wa shule, kwa hiyo anayeuona kwanza ni mwalimu, naye huuita uvivu. Hauna tiba ya kuumaliza, lakini dawa za kuutuliza zipo.

Mzazi akifika kwa daktari asiishie kusema, “Huyu mtoto analala sana.” Aseme na habari ya magoti na kicheko, amwache mtoto asimulie kivuli bila kuona haya. Bila hayo watapimwa damu, waandikiwe vitamini, warudi nyumbani.