Dakika hazinunui unga

Nilikuwa mtunza hesabu wa kiwanda kidogo cha mikate tulipoanza mpango wa kuboresha ubora. Tulifundishwa vizuri. Kila chombo kikapewa mahali pake, sakafu ikachorwa mistari ya njano, na baada ya miezi sita ripoti ikafika kwa wakurugenzi: tumeokoa mamilioni. Nikafungua leja kuyatafuta. Hayakuwemo.

Yalitoka wapi? Kusafisha mashine ya kukandia kulishuka kutoka dakika 40 hadi 25. Zile dakika 15 zikazidishwa kwa mishahara ya watu wa zamu, kisha kwa siku za mwaka. Lakini mishahara ililipwa ileile, hakukuwa na ovataimu ya kupunguza, na tanuri, ambalo ndilo lililokuwa likituchelewesha, liliendelea kutoa mikate ileile. Muda tuliupata kweli. Pesa hatukuipata.

Pesa ilikuwa kwenye gari. Kila asubuhi lilirudi na kreti za mikate iliyokataliwa madukani: upande mmoja umeungua, upande wa pili mbichi, na siku ya tatu umeshaota ukungu. Fundi alibadilisha kipimajoto cha tanuri na mpira wa mlango uliokuwa ukivujisha joto. Kreti zikapungua wiki ileile. Ripoti iliyataja hayo kwa mstari mmoja!

Hata hapo kuna mtego. Mwenzetu wa mauzo alitaka kila mkate uliookolewa uhesabiwe kwa bei ya dukani. Hiyo ni sahihi kama maduka yanadai mikate mingi kuliko unayoweza kuoka. Kama soko limeshiba, ulichookoa ni unga, sukari, hamira, gesi na mafuta ya gari, basi.

Mtaalamu wa ubora Mmarekani, Armand Feigenbaum, aligawa gharama za ubora tangu miaka ya 1950: kuzuia kosa, kukagua, na kosa lenyewe, liwe limekamatwa kiwandani au limemfikia mteja. Ni mgawanyo ambao daftari la kawaida linauweza. Kinachokosekana kwetu ni kuanza kuandika kabla ya semina ya kwanza, miezi mitatu hivi, ili baadaye uwe na cha kulinganisha nacho. Na semina yenyewe iandikwe, pamoja na siku za kazi zilizopotea.

Wanaosema sifa nzuri italeta faida yenyewe wanipe jibu kuhusu Wallace Company ya Houston. Mwaka 1990 ilipata tuzo ya Malcolm Baldrige, tuzo ya taifa ya ubora ya Marekani. Mwaka 1992 ilikuwa mahakamani kuomba kinga ya mufilisi.

Sisemi ubora ni anasa. Nauamini, ndiyo maana naumia kuona unatetewa kwa hesabu ambazo mkurugenzi yeyote makini atazibomoa kwa swali moja, kisha bajeti ya mwaka unaofuata ikatwe. Imani ya mteja ina thamani. Iandikwe kwa maneno, isibandikwe shilingi za kubuni.

Mimi nilimwomba dereva aandike kila asubuhi idadi iliyorudi, duka gani, na kwa nini. Aliandika kwa penseli kwenye daftari la kurasa 96, na hilo ndilo nililoingia nalo kwenye kikao cha bajeti.